Mkasi Usiozimwa

Wapendwa, leo siwapeleki shambani wala sokoni. Nawapeleka maabara. Msiogope, hamtavaa koti jeupe.

Kulikuwa na dada mmoja katika kituo cha utafiti wa mihogo. Kazi yake ilikuwa kukata vinasaba, ule uzi mwembamba unaobeba maagizo ya uhai. Uzi huo haukatwi kwa chuma. Unakatwa kwa kimeng'enya, tone la maji lenye meno. Wenyewe wanaliita mkasi. Mwenzake, aliyeajiriwa juzi tu, alitumia kimeng'enya kingine kuunga vipande. Sasa kazi ikishika, mkuu wa kituo anampongeza nani? Muungaji! "Mikono ya binti huyu ina baraka." Mkataji anasikia, roho inamuuma. Miaka tisa anakata, nani amewahi kumtaja? Ikafika mahali hata mwenzake akicheka wakati wa chai ya saa nne, kicheko kile kinamkera.

Kule maabara kuna desturi. Mkasi ukimaliza kukata, kichupa huwekwa kwenye maji ya moto dakika ishirini, mkasi ufe. Usipokufa utakata hata kilichokwisha kuungwa. Siku hiyo dada yetu akairuka hatua ile makusudi. Akaandika "tayari" kwenye kifuniko, akakabidhi huku anatabasamu.

Mwenzake akaunga. Haikushika. Akaunga tena. Wapi! Wiki ya tatu akaja, macho mekundu.

"Dada, nisamehe, nimekuharibia."

"Umeniharibia mimi? Kivipi?"

"Nilimwambia mkuu wewe ndiye uliyenifundisha kila kitu. Akasema kazi hii ikishika, maabara utaiongoza wewe. Nilitaka usikie siku ya furaha. Leo amesema basi, kazi ifungwe."

Dada akakitazama kile kichupa. "Tayari." Mwandiko ulikuwa wake.

Ndugu zangu, nani alikatwa pale? Na sisi je? Tunapeana mikono mlangoni, tunaulizana habari za watoto, kifuniko kimeandikwa "tayari", na ndani mkasi uko hai. Mwenzako akipewa kuongoza kwaya, unakata. Wifi yako akisifiwa pilau, unakata. Unajuaje kwamba anachokiunga si chako?

Wewe uliyekaa hapo, usimtazame jirani. Nakuambia wewe. Leo, kabla hujamshika mtu mkono, ingia kwanza kwenye maji ya moto. Yataunguza, sikudanganyi. Lakini ni dakika ishirini tu.