Mashine ya Saba

Mtu mmoja alikuwa na muhuri wa mpira, na bila muhuri huo hakuna mashine iliyoruhusiwa kuingia wodini. Jina lake Kanaeli. Alikuwa mkaguzi wa vifaa vya hospitali za misheni upande ule wa milimani, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la dawa la hospitali mojawapo. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mtu wa kupokea bahasha. Nawaambia mapema msije mkahangaika kumtafutia kosa mahali ambapo hakuwa nalo.

Kazi yake kubwa ilikuwa zile mashine zinazokaa kando ya kitanda cha mgonjwa, zikihesabu mapigo ya moyo, presha na pumzi, na kulia mgonjwa anapozidiwa. Zilitengenezwa na fundi mmoja, Zefania, naye hakuacha kuzirekebisha. Kanuni ilikuwa hivi: mashine mpya kabisa ipelekwe mjini, ikapimwe mwaka mzima, lakini iliyorekebishwa, ikiwa ni sawa na iliyoitangulia, mkaguzi aipitishe mwenyewe. Kwa hiyo Kanaeli alikuwa na desturi yake. Alifunga mlango, akaweka mbili mezani, iliyotangulia na iliyorekebishwa, akajifunga ya kwanza, kisha ya pili, huku ametulia tuli kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Namba zikilingana, aligonga muhuri.

Zefania alileta ya pili: kasha limepunguzwa uzito. Ikapita. Akaleta ya tatu: mlio umeshushwa kidogo, maana wagonjwa walilalamika hawapati usingizi. Ikapita. Ya nne ilikuwa na waya mfupi. Ya tano ilikuwa na spika ndogo, ili betri idumu. Ya sita ilikuwa na mlio laini zaidi, usioshtua wageni. Kila moja ilikuja na barua iliyosema kwamba hakuna kilichobadilika ila hiki kimoja, na kila mara barua ilisema kweli. Mashine hizo zikaenda katika hospitali nyingine tano, na ile ya kwanza ikabaki palepale, katika wodi ya upasuaji, nzito kama debe la mahindi, mpaka juma moja ilipokufa kabisa.

Ya saba ikaletwa siku ya Alhamisi kushika nafasi yake. Barua ilieleza kwamba zamani mashine ililia kwa namna mbili, mlio wa pumzi iliyokatika na mlio wa waya uliochomoka, na sasa milio hiyo imefanywa kuwa mmoja, ili manesi wasichanganyikiwe. Kanaeli akajifunga ya sita, iliyoazimwa kwa saa chache kutoka hospitali nyingine, akajifunga ya saba. Namba zikalingana mpaka ya mwisho. Akaushika muhuri, mkono ukasita, wala hakujua kwa nini umesita.

Akaitoa stoo ile ya kwanza iliyokufa, akaiweka kando ya ya saba. Hazikufanana kwa lolote. Akarudi kwenye faili, akasoma barua zote sita, akitafuta ni siku gani mashine ile iliacha kuwa mashine ile. Hakuiona siku hiyo. Ya saba ni sawa na ya sita, ya sita ni sawa na ya tano, akafuata hivyo hivyo kurudi nyuma bila kuona uongo mahali popote, na bado alichokuwa nacho mezani ni vitu viwili tofauti. Aliona haya kama mtu aliyepotea katika ua wa nyumba yake.

Na huko wodini alikuwapo Mama Ndeonasia, mwenye uvimbe wa shingoni uliokuwa ukimbana koo. Tangu Jumatatu alikuwa akilala ameketi, maana akilala chali hewa haipiti. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba hamlazi mtu usingizi wa dawa bila mashine ya kumwangalia. Kanaeli akigonga muhuri, mama huyu anapasuliwa kesho. Akisema mashine ni mpya, inakwenda mjini, nao mwaka mzima mama huyu hana. Hakujua ashike lipi. Zefania alikuwa ameketi kwenye benchi akitikisa mguu. Akamuuliza, bila ubaya, kwamba mara tano amegonga, leo kimemuuma nini?

Ndipo akaja nesi Nakundwa kuulizia mashine yake. Kanaeli akamweleza yote, ya sita na ya kwanza, barua na kanuni, akirudi nyuma na kujikanusha katikati ya maneno, mpaka nesi akamhurumia. Akamwacha amalize.

"Baba," akasema, "mimi sikuuliza inafanana na nini. Niko peke yangu na vitanda ishirini na vinne. Nikimpa mgonjwa mgongo, itaniita?"

Miaka yote ile Kanaeli hakuwahi kuiuliza mashine jambo hilo. Akaibeba mwenyewe mpaka wodini. Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, wageni wamejaa na vyombo vya chakula vinagongana. Akavua viatu, akapanda kitanda kitupu, akajifunga waya. Watu wakacheka, nanyi mngecheka. Nakundwa akaenda mwisho wa wodi, akafungua bomba, akaanza kuosha mabeseni. Kanaeli akabana pumzi mpaka macho yakamtoka. Mashine ikalia kando ya sikio lake. Nakundwa akaendelea kuosha.

Zefania, aliyekuja nyuma akitabasamu, akaomba bomba lifungwe na watu wanyamaze. Kanaeli akabana pumzi tena. Safari hii Nakundwa akasikia. Akageuza kichwa kidogo, akasema, "Waya umechomoka huo," akachukua beseni jingine. Zefania akaacha kutabasamu.

Muhuri haukugongwa siku ile. Fundi aliichukua mashine akairudishie milio yake miwili na spika yake kubwa, kazi ya siku nne. Kanaeli akaandika barua kwa hospitali tano, akiomba mashine zirudishwe, na kila alipoandika jina la hospitali alijiuliza huko ni nani aliyelia asisikiwe. Kisha akaenda kumwambia Mama Ndeonasia. Mama alikuwa ameshaanza kufunga kula, kajifunga kanga safi, tayari kwa kesho. Alimsikiliza, akivuta hewa kwa shida, akamtazama machoni. Kanaeli alitaka kumwambia kwamba amemtendea wema, lakini akaishia kumwekea mto vizuri mgongoni.

Jumanne mashine ikarudi, ikapimwa wodini, bomba likiwa wazi, na Nakundwa akakimbilia kitandani kabla Kanaeli hajaishiwa pumzi. Jumatano Mama Ndeonasia alipasuliwa. Siku tatu alilala kando ya mashine ile, na siku zote tatu haikulia hata mara moja. Akapona, akarudi kwake. Kanaeli hakujua kamwe kama zile siku alizomwongezea mateso zilimwokoa au zilimtesa bure, na barua zilizotoka hospitali tano zilisema tu kwamba mashine zinarudishwa, wala hazikueleza zaidi. Hakupata raha. Lakini tangu hapo hakupima mashine yoyote akiwa amefunga mlango.

Nanyi mnaoapa kwamba hamjabadilika, kwamba leo ni sawa na jana na jana ilikuwa sawa na juzi, mmewahi kumuuliza yule anayelala akiwategemea?