Kiboko na Gari la Mama Mwalimu

Paukwa.
Pakawa.
Palikuwa na nini?
Palikuwa na gari.
Lilikuwa linatembea?
Tuambie wewe uliyelipanda.
Basi sogeeni karibu na mjishikilie, maana hadithi hii nikishaianza haina breki.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa wakiuziana vitu kama sisi, kulikuwa na Kiboko mwenye uwanja wa magari. Nasema magari, lakini gari lilikuwa moja tu, pikapu nyeupe yenye mlango mmoja wa bluu. Kiboko aliliuza, likamrudia. Akaliuza tena, likamrudia tena. Ghala lake likajaa vyakula vya watu, na gari bado lilikuwa lake.

Alifanyaje? Sikilizeni.

Uwanja wa Kiboko ulikuwa juu ya mteremko. Chini ya mteremko kulikuwa na mto na daraja. Ng'ambo ya daraja kulikuwa na mlima wa mawe, mrefu kuupita ule wa Kiboko, na huko ndiko walikokaa akina Pimbi. Kiboko aliliegesha gari lake pua ikitazama bondeni, siku zote. Mnunuzi akija, Kiboko alimkalisha kwenye usukani, akaegemea dirisha kwa kidevu chake kinene, akasema:

"Bosi wangu, hili lilikuwa gari la mama mmoja mwalimu. Nyumbani na kanisani, kanisani na nyumbani. Mafuta halinywi, linanusa. Breki ukipampu zinashika. Unawasha, unaondoka."

Kila mtu kwake alikuwa bosi, hata Kobe. Na huyo mama mwalimu hakuna aliyewahi kumwona.

Mnunuzi akiuliza kuhusu ule mlio, Kiboko alisema hiyo ni sauti ya kawaida. Akiuliza kuhusu ule moshi, alisema ni kitu kidogo tu. Akisema ngoja nikafikiri, Kiboko alitazama barabarani kwa huruma na kusema, "Sawa, bosi wangu, ila kuna mteja yuko njiani."

Mnunuzi akaogopa huyo mteja. Akaleta alichovuna. Hapo Kiboko alichukua nyundo akaigonga rimu kuukuu iliyoning'inia langoni, ngeng! Akaimba, "Kilichopokelewa!" Na wote waliokuwepo, kama ilivyokuwa desturi ya bonde lile, wakaitikia, "Hakirudi!" Ikawa imekwisha. Hata simba hawezi kuibatilisha rimu.

Breki ya mkono ikaachiwa. Gari likabingirika, tiriri, tiriri, injini ikashtuka usingizini, vuuum! Mnunuzi akapunga mkono kwa furaha. Akapita daraja. Akaanza kupanda mlima wa pili. Kho. Kho. Kho. Puu. Gari likafa. Mnunuzi alisukuma mpaka akachoka, akaenda zake kwa miguu. Na kwa kuwa kilichoachwa barabarani ni cha mwenye kamba, Kiboko alikuja na kamba yake, akalivuta kwa shingo yake nene mpaka uwanjani, akaligeuza pua itazame bondeni.

Digidigi alilinunua kwa maharage yake. Kho, kho, kho, puu.

Kobe alilinunua kwa karanga zake. Kho, kho, kho, puu.

Sasa ikafika zamu ya Mzee Pimbi. Mkewe alikuwa akiteka maji mtoni na kuyapandisha mlimani kichwani, na shingo yake ilikuwa imeanza kuuma hata kugeuka hawezi. Mzee Pimbi alimhurumia. Akasema moyoni, nikiwa na gari, maji yatapanda yenyewe. Akachukua mtama wote wa ghalani, ule wa kula wakati wa masika, akaupeleka kwa Kiboko. Ngeng! Hakirudi. Akashuka kwa furaha, akapita daraja, na hapo chini ya mawe ya nyumbani kwake, kho, kho, kho, puu.

Binti yake, yule Pimbi ambaye hadithi hii ni yake, alimkuta ameketi barabarani, mgongo kwenye tairi. Mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha kusimama upande wa pili wa mlima, meusi. Ghalani hakukuwa na punje, na ndugu zake wadogo walikuwa hata kutafuna vizuri hawajajua.

"Baba, kwani hukuusikia huo mlio?"

"Niliusikia, mwanangu."

"Ukasema nini?"

"Nikaambiwa ni sauti ya kawaida."

Mama yake hakugomba. Alipita pembeni ya gari, ndoo kichwani, akaanza kupanda taratibu. Pimbi alimtazama mpaka akapotea kwenye mawe, na kisha akaligeukia lile gari. Akamwomba baba yake amsimulie maneno yote ya Kiboko, moja baada ya jingine, bila kuruka. Baba akasimulia. Pimbi akayarudia, na kila alipoyarudia macho yalizidi kumng'aa.

Halafu akapiga filimbi.

Ninyi mnawajua pimbi. Ukimwona mmoja juu ya jiwe, chini ya jiwe wako wengi, na wote ni ndugu. Wakatoka. Wakatoka shangazi, wakatoka binamu, wakatoka wajomba wasio na mkia na watoto wasio na mkia, na kila aliyetoka aliuliza kuna nini, akaambiwa shika hapa. Wakaweka mabega. Pimbi akaanzisha wimbo:

"Sukuma!"
"Linanusa!"
"Sukuma!"
"Linanusa!"

Gari likapanda. Wakipumzika, wenye mikono mifupi waliweka jiwe nyuma ya tairi lisirudi, maana mtu asiye na breki rafiki yake ni jiwe. Wakasukuma, wakaweka jiwe, wakasukuma, wakaweka jiwe, mpaka kileleni kabisa. Kule juu wakaligeuza, pua ikatazama bondeni. Wajomba wote wakadandia nyuma na mawe yao mapajani, na jua lilikuwa bado kali, na barabara ilikuwa na vumbi la kutosha kumficha tembo.

Pimbi akakaa kwenye usukani. Akaachia breki ya mkono.

Tiriri. Tiriri. Vuuum!

Jamani, lilishuka! Mlima wa akina Pimbi ni mrefu kuupita wa Kiboko, nimeshasema, na gari lilishuka na urefu wote ule. Kuku wa porini walikimbia. Daraja lilisema gudugudugudu mara moja likanyamaza. Vumbi likainuka kama moto wa nyika, na gari likaanza kuupanda mteremko wa Kiboko kwa mbio zile zile za kushukia. Lilipoanza kuchoka, wajomba waliruka chini ndani ya lile vumbi, wakaweka mabega.

"Sukuma!"
"Linanusa!"

Kiboko alikuwa langoni anakunja kamba yake tayari kwenda kuchukua gari. Akaona gari linamfuata lenyewe. Linapanda. Gari lile lile, mlango ule ule wa bluu, linapanda mteremko ambao tangu lizaliwe halijawahi kuupanda isipokuwa kwa shingo yake. Kamba ikamdondoka.

Likasimama mbele ya lango, pua juu, injini ikinguruma. Wajomba wakaweka mawe nyuma ya matairi, kisha wakatoka vumbini wakijifuta kana kwamba walikuwa wanapita tu.

"Na hawa?" Kiboko akauliza.

"Ndugu zangu, bosi wangu. Wamekuja kuliaga. Wamelizoea."

"Kuliaga? Linakwenda wapi?"

Pimbi akasema analipeleka kwa Nyati, ng'ambo ya kilima. Akasema yeye binafsi asingeliuza, ila watoto wa nyumbani wanapenda kucheza karibu na barabara na gari lenyewe mbio zake ndizo hizo alizoziona.

Kiboko akalizunguka gari. Akapiga tairi teke, kama wanavyofanya wote wasiojua la kufanya na gari. Akasikiliza injini. Alikuwa akijua kuwa gari lile ni bovu, lakini macho yake yalikuwa yameliona likipanda, na macho yakishaona, tamaa haisubiri masikio.

"Mdogo wangu, umelifanya nini?"

"Kitu kidogo tu."

"Kitu gani?"

"Kidogo tu, bosi wangu. Wewe si ndiye uliyemwambia baba?"

Kiboko akalizunguka gari tena. Alikuwa amelisema neno lile maisha yake yote bila kujua ni kitu gani, na leo alikuwa amekutana na mtu anayekijua. Moyo ukaanza kumuuma. Akawaza bei atakayoipata kwa Tembo, gari likipanda mlima. Akawaza Nyati anaondoka nalo bure bure. Akasema atarudisha mtama wa Mzee Pimbi.

Pimbi akatazama barabarani kwa huruma. "Sawa, bosi wangu, ila kuna mteja yuko njiani."

Kiboko akaongeza maharage ya Digidigi.

Pimbi akaegemea dirisha kwa kidevu chake kidogo. "Unajua hili lilikuwa gari la mama mmoja mwalimu," akasema. "Nyumbani na kanisani, kanisani na nyumbani. Mafuta halinywi."

"Linanusa," Kiboko akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika kama ya mtu anayeposa. Akaongeza karanga za Kobe.

Watu walikuwa wameshajaa langoni. Kobe alikuwepo, Digidigi alikuwepo, na wote walikuwa wanatazamana. Magunia yakatolewa. Wajomba wakayabeba begani, moja moja, bila haraka, wakaanza kushuka nayo. Kiboko akaona Pimbi anasitasita, akaogopa atabadili nia. Basi hakungoja mtu. Alikimbilia nyundo mwenyewe, akaigonga rimu yake mwenyewe, ngeng! Akaimba kwa sauti kubwa kuliko siku zote, "Kilichopokelewa!"

Hawajawahi kuitikia hivyo. "Hakirudi!" Mlima wa pili nao ukasema hakirudi.

Kiboko akaingia garini. Gari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Injini ikasema kho. Ikasema kho. Ikasema puu.

Kimya.

Kiboko akazungusha ufunguo. Nye, nye, nye. Akawatazama watu dirishani, akatabasamu. "Hiyo ni sauti ya kawaida," akasema.

"Tunajua, bosi," akajibu Kobe.

Sasa, Kiboko alikuwa amewasha gari lile kwa njia moja tu tangu alijue, nayo ni kuachia breki ya mkono na kuliacha libingirike. Mkono wake ukaenda wenyewe. Akaachia. Gari halikwenda, limezuiwa na mawe.

"Toeni haya mawe yenu," akasema. "Gari la mtu mzima haliegeshwi kwa mawe."

Pimbi alikuwa mtoto aliyelelewa vyema. Akauliza, "Tuyatoe, bosi?"

"Toeni."

"Pua imetazama juu, bosi. Tuyatoe?"

"Binti, mimi nimeanza kuuza magari hujazaliwa. Nasema toeni."

Wajomba waliobaki wakatoa.

Tiriri, tiriri, tiriri, lakini kinyumenyume. Kiboko akatazama mbele, akaona lango lake linakwenda mbali. Akakanyaga breki. Zikaingia mpaka chini kama mguu kwenye tope. Watu wote langoni, Digidigi akiwa wa kwanza, wakamkumbusha kwa pamoja, "Pampu! Ukipampu zinashika!" Naye akapampu, maskini, akapampu kwa moyo wote kama mtu anayeamini, mpaka chini, mpaka darajani, na daraja halikuwa pale alipolidhania.

Chubwiii!

Maji yakaruka, yakarudi, yakafunika mlango wa bluu.

Magunia yalifika mlimani kabla ya tone la kwanza la mvua. Digidigi alipewa maharage yake, Kobe akapewa karanga zake, na watoto wa akina Pimbi walikula uji wa mtama masika yote. Maji waliendelea kuyateka kwa miguu, ila Mzee Pimbi alichukua ndoo ya mkewe, na anayo mpaka leo.

Na Kiboko? Alikataa kutoka mtoni, akisema gari lake halijaharibika, ni kitu kidogo tu. Ndiyo maana humkuta kwenye maji mpaka puani. Ukipita jioni ukamsikia anasema hoh, hoh-hoh-hoh-hoh, usidhani anacheka. Anajaribu kuwasha. Na akiinua kichwa akafungua kinywa kile kikubwa, kisha akakifunga bila kusema neno, ni kwamba alitaka kukwambia la yule mama mwalimu, akakumbuka.

Funzo la hadithi hii, watoto, ni kwamba uongo ni mbaya na mtu asiuseme kamwe. Ukiukuta umeshasemwa na mwingine, usiuguse wala usiuongeze chochote. Mrudishie mwenyewe ukiwa safi, na uchukue mtama wako.

Hadithi yangu imefika hapa na imezimika. Iliyemkolea na aisukume mpaka kwao. Isiyemkolea na aiache barabarani, mwenye kamba atakuja.