Ujumbe Usiofika Mwisho

Ndugu zangu, nipeni masikio kidogo. Alikuwepo fundi mmoja wa programu za kompyuta, kijana hodari, aliyeondoka kwao kwa kugombana na mama yake. Alitengeneza programu ya kufunga ujumbe kwa siri, usisomwe na mtu mwingine njiani. Mama ana shida ya masikio, kupigiana simu hakumfai, basi wakawa wanaandikiana kwa programu hiyohiyo.

Kijana alingoja neno moja tu: rudi. Miaka miwili anangoja. Alikumbuka uji wa mama, akakumbuka hata anavyokohoa asubuhi akiwasha moto, na moyo ulimuuma. Lakini kila ujumbe ulikuwa salamu za shangazi, za majirani, habari za mbuzi, halafu basi. Akajisemea, "Mama hajanisamehe." Naye akajibu salamu kwa salamu.

Siku moja muuguzi mmoja anayetumia programu ile akampigia.

"Fundi, ujumbe wangu haufiki wote."

"Unakatikia wapi?"

"Mwishoni. Kila mara mwishoni."

Akafungua kazi yake, akaliona kosa. Ujumbe ukishafungwa huongezeka urefu, na yeye nafasi ya kuuweka aliipima kabla haujafungwa. Nani kwenu huchagua sufuria kwa kuangalia mchele mkavu? Kilichozidi kilipotea, bila onyo. Akarekebisha mstari mmoja, akawatumia watu wote programu mpya.

Jioni mama akaandika. Salamu za shangazi. Za majirani. Mbuzi amezaa. Na chini kabisa: "Mwanangu, kila nikikuandikia nakuuliza utarudi lini, nawe hunijibu. Kitanda chako bado nakitandika kila Jumamosi. Leo nauliza mara ya mwisho."

Kijana akalia palepale mezani.

Mnawajua mama zetu. Jambo lenyewe huliweka mwisho, salamu zote zikishakwisha. Na huo mwisho ndio uliokuwa unakatwa, tena kwa hesabu ya mwanawe mwenyewe.

Na sisi je? Tunalalamika kwamba Mungu ametunyamazia. Tunapiga magoti dakika mbili, tunasema amina, tumeshainuka, tunatafuta viatu. Ametuita mara ngapi kwa neno ambalo hatukukaa kulisikia? Nasema na wewe uliyekaa hapo, unayengoja jibu mwaka wa ngapi sijui. Pengine hukunyimwa jibu. Pengine anayengojwa ajibu ni wewe.