Gego la Wakesho na Jina la Mtoto

Katika zahanati moja ya meno mjini Voi walifanya kazi wanawake watatu, kila mmoja na kipawa chake. Daktari Mkawasi alikuwa na jicho: akichungulia kinywani hujua kilicho hai na kilichokufa. Daktari Wawuda alikuwa na vidole visivyotetemeka hata akiwa na homa. Muuguzi Mghoi alikuwa na sauti. Watoto waliokuja wakilia walinyamaza ili wamsikie.

Akaja Wakesho, mjamzito wa miezi saba, kashika shavu. Gego lake la chini lilikuwa limeoza vibaya. Lilikwisha kuzibwa mara mbili, na mara zote mbili kizibo kilipasuka akitafuna. Upande wa pili hakuwa na magego tena. Aliishi kwa uji na chai, na mkunga alimwambia kwamba mtoto hakui inavyopasa. Kwingine alikopita walimshauri ling'olewe, naye alikuwa karibu kukubali, ingawa hakujua angetafuna kwa lipi. Mumewe, Mwakio, alikaa kwenye benchi akiikunja na kuikunjua leso ya mkewe.

Mkawasi aligusa gego kwa pamba baridi. Wakesho akashtuka, lakini pamba ilipoondolewa maumivu yakaisha.

"Jino hili li hai," Mkawasi alisema. "Siling'oi."

Akamchoma sindano ya ganzi, akaanza kuutoa uozo kidogo kidogo. Akiuacha, jino lingeoza upya chini ya kizibo. Akizidisha hata kidogo, angetoboa kiini na kuliua. Akakomea pale pale palipofaa. Lakini kilichobaki kilikuwa shimo kubwa lenye kuta nyembamba kama ganda la yai, na Mkawasi akakiri kwamba akiliziba yeye, kizibo kitapasuka mara ya tatu.

Ndipo akaitwa Wawuda. Kizibo alichokuja nacho kilikuwa laini, kimechanganywa na nyuzi fupi za kioo. Alimweleza Mwakio kwamba ni kama majani yanayochanganywa na udongo wa ukuta: ufa ukianza, hukutana na nyuzi ukakoma. Akaushindilia mchanganyiko ule chini ya shimo, safu juu ya safu, kila safu akiigandisha kwa taa ya buluu. Ilibaki kufunika juu kwa kizibo cha kawaida.

"Sasa asitikisike," alisema. "Mate yakiingia, hakitashika."

Hapo hapo Wakesho akapauka. Kichwa kilimzunguka, moyo ukamwenda mbio, mkono ukaanza kuinuka kuwasukuma wote. Wawuda hakuweza kuacha kazi. Mkawasi alikuwa ameshika mrija wa kufyonza mate, hakuthubutu kuuachia. Mwakio alisimama, akakosa la kufanya.

Mghoi ndiye aliyeona kwamba, kwa kuwa Wakesho alilala chali, uzito wa tumbo ulikuwa umeubana mshipa mkubwa wa damu. Akasukuma mto chini ya nyonga ya kulia, akamwinamisha kushoto taratibu huku akimshikilia kidevu.

"Mama, nisikilize mimi tu," alimwambia. "Mtoto wako anacheza, namwona. Pumua pamoja nami."

Akaendelea kumsemesha kwa sauti ya chini hadi rangi ikarudi. Mkono ukashuka. Kichwa hakikusogea hata mara moja, na kizibo kikashika.

Wakesho alirudi kula mahindi na maharagwe, nyama hata mifupa. Mkunga akaridhika, na wakati ulipofika akazaliwa msichana mzima, mwenye kilio kikubwa.

Jina la kwanza likaenda kwa bibi yake mzaa baba. Jina la pili Wakesho aliapa kulitoa kwa mmoja wa wanawake wa zahanati, nalo ni moja tu. Mwakio anasema ni Mkawasi, kwani bila yeye jino lingekuwa limetupwa. Mama mkwe anasema ni Mghoi, aliyewatuliza mama na mtoto kwa pamoja. Wakesho mwenyewe kila akitafuna humkumbuka Wawuda. Kisha hulikumbuka jicho la Mkawasi na sauti ya Mghoi. Anaogopa kumwita mtoto kwa jina ambalo baadaye litamsuta yeye mama kwa kuwasahau wale wawili.

Jamaa wameshakusanyika uani. Shangazi amempakata mtoto, anasubiri kuambiwa amwite nani. Wakesho amefungua kinywa, na bado hajasema.

Nanyi mnaonisikiliza, msaidieni: mtoto huyu aitwe Mkawasi, Wawuda au Mghoi?