Nishani Moja, Watu Watatu

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Kuna fumbo nimelibeba miaka mingi na sijalifumbua, labda nyinyi mtaliweza.

Vijana watatu wa kando ya mto Nzoia walichukuliwa kwenda vitani Burma, wakawa askari wa miguu. Khaemba alijaliwa masikio: nyoka akipita majanini alimsikia. Mabonga alijaliwa maji, akiogelea kama fisimaji. Situma, mdogo wao, mwenye miaka kumi na tisa, alijaliwa shabaha.

"Mabonga, mama yako alikuzalia mtoni?" Situma alimtania.

"Na wewe mama yako alikuzaa umefumba jicho moja."

Asubuhi moja ya ukungu, kikosi chao kilibanwa kando ya mto uliofurika. Majeruhi walikuwa thelathini, na adui alikuwa nyuma yao.

Khaemba alilala kifudifudi ukingoni akayasikiliza maji. "Hapa yanagonga mawe," alisema. "Hapa ndipo pa kuvukia." Akaishika ncha moja ya kamba ya kuvukia. Kombora likaanguka karibu naye; kamba hakuiachia, lakini tangu siku hiyo hakusikia tena.

Mabonga alijifunga ncha ya pili kiunoni, akaogelea, akaifunga kwenye mti ng'ambo. Wenye nguvu walivuka wakiishika. Wasiojiweza aliwabeba yeye. Alirudi mara nne. Mara ya tano mto ulimchukua, na mwili wake haukuonekana.

Situma alibaki nyuma na bombomu, ile bunduki ya risasi mfululizo, peke yake, akamzuia adui mpaka mtu wa mwisho alipovuka. Alitoka mzima, na hilo lilimtesa.

Afisa aliuliza ni nani astahiliye nishani. Kwao mtu hajitaji mwenyewe. Khaemba, akiwa kitandani hospitalini, alipoulizwa kwa ishara, alimwonyesha Situma kwa kidole. Situma akasema, "Mabonga." Afisa akamjibu kwamba nishani ile hapewi marehemu, akaandika jina la Situma. Jina la Khaemba halikutajwa na mtu.

Waliporudi, Nanjala, mama yake Mabonga, alikuwa amekwisha kukata mgomba. Kwao, mtu asiyepatikana mwili huzikwa kwa mgomba uliovikwa sanda, pamoja na kitu chake kimoja.

"Mto haukuniachia hata kifungo cha shati," alimwambia Situma. "Nipe hiyo nishani nimzike nayo mwanangu. Asipozikwa hatatulia."

Situma akaivua. Khaemba akamshika mkono.

"Mama, nisamehe," alisema, kwa sauti kubwa kama wasemavyo viziwi. "Ikifukiwa, nitaonyesha nini? Watu wananicheka njiani. Wanangu watajuaje kwamba niliwahi kusikia?"

Nanjala alimtazama. "Wewe una wana," alisema, ingawa alijua hasikii.

Wazee wa ukoo walikaa siku mbili. Wakaamua nishani izikwe na mgomba, na wa kuizika awe Khaemba, kwa kuwa yeye ndiye aliyeikatalia. Wakamweleza kwa ishara. Akashuka shimoni, akaiweka palipo kifua cha mgomba, akafukia kwa mikono yake.

Haya, semeni nyinyi. Ile nishani ilikuwa ya aliyesikia, ya aliyeogelea, au ya aliyebaki nyuma? Na lau ungekaa na wazee wale siku mbili, wewe ungeamua vipi, kisha ungemweleza Khaemba kwa ishara gani?