Mwalimu wa Kihispania na Nusu ya Kichwa cha Sultani

Hapo zamani, wakati fukara alipokuwa hana mali ila mdomo wake, paliondokea mtu aitwaye Mbwarahaji. Alikuwa ameosha masufuria miezi mitatu katika merikebu ya Wahispania, akarudi kwao na maneno kumi na mikono iliyochubuka. Ikawa kila akikaa barazani hujigamba kwamba Kihispania anakijua chote. Mdomo huo ukamponza, maana habari zilimfikia Sultani, naye alikuwa akimngoja balozi wa Uhispania siku ya Ijumaa.

Basi akaitwa afundishe. Jumatatu akasema mshumaa huitwa vela. Jumanne akasema tanga la chombo nalo ni vela. Jumatano akaleta neno manyana, kwamba ni kesho, na pia ni asubuhi.

Sultani akaghadhibika. "Wanifanyia mzaha. Katika milki yangu kila kitu kina kazi moja. Keshokutwa niletee maneno yenye kazi moja moja. Nikiona hata moja lenye mbili, utaozea gerezani."

Mbwarahaji akayapitia maneno yake kumi moyoni, asione hata moja lenye kazi moja. Akasema, "Maulana, kichwa changu kizito. Amri hii ni ya maneno tu, au ya kila kitu?"

"Ya kila kitu. Nimekwisha sema."

"Basi nipe idhini niitangaze."

"Itangaze."

Na Sultani yule alikuwa bahili. Mtumishi wake Feruzi ndiye aliyekuwa mpishi, ndiye kinyozi, na ndiye mshika mwavuli. Ijumaa asubuhi Feruzi alikuwa amekwisha kumnyoa Sultani upande wa kulia, mara mbiu ikalia uani. Mbwarahaji akatangaza kwamba kila mtu abaki na kazi yake ya kwanza, nyingine aziache papo hapo, kwa amri ya Sultani.

Feruzi akaweka wembe chini. "Niwie radhi, Maulana. Mimi niliajiriwa mpishi." Akaenda zake jikoni kutazama pilau.

Mizinga ikalia bandarini, balozi ameshuka. Sultani akajipapasa kichwa, kulia laini, kushoto kichaka. Akapaaza sauti, "Mwiteni Feruzi aje anyoe."

Mbwarahaji akainama. "Maulana, akiwa kinyozi, mgeni atakula nini? Na akiwa yote mawili, je, ni mzaha, kama maneno yangu?"

Sultani akaona haya, akafunika upande wa kushoto kwa kiganja. Kisha akauliza, "Na wewe, una kazi ngapi?"

"Mbili, Maulana. Ni mwalimu na ni mjinga, na hiyo ya pili ndiyo niliyohitimu."

Sultani akacheka hata machozi yakamtoka. Akaivunja amri, Feruzi akarudi na wembe, na gereza likasahauliwa.

"Nawe utapata zawadi," akasema Sultani. "Tangu leo Feruzi apumzike kazi moja. Mwavuli utaushika wewe."

Basi Mbwarahaji akawa na kazi tatu, na mikono ikamchubuka upya. Hekaya yetu imefika ukingoni. Aliyenyolewa nusu naye akamaliziwe.