Picha Isiyo na Kivuli

Kulikuwa na bwana mmoja, ndugu zangu, ambaye mshahara wake ulitokana na kuangalia picha za Mwezi. Msicheke, kazi hiyo ipo. Kuna vyombo vinavyouzunguka Mwezi, vinaipiga picha ardhi yake na kuzituma huku chini kwetu. Bwana huyu alipewa kazi ya kutafuta, katika picha hizo, mahali pa kutua mashine ambayo wenzake walikuwa wameihangaikia kwa miaka. Akichagua vizuri, itatua salama. Akikosea, jasho la watu wote wale litaishia vumbini, na huko juu hakuna fundi wa kwenda kuinyanyua.

Basi akaketi na picha zake. Ya kwanza ilimchosha macho. Mashimo kila mahali, mawe, vivuli virefu vyeusi. Uso wa mtu aliyeugua ndui una nafuu. Akaitupa kando. Akashika nyingine, na nyingine, hadi akaifikia moja iliyomtuliza moyo: ardhi nyeupe, laini, kama shuka iliyopigwa pasi. Kivuli hakuna hata kimoja.

"Hapa," akasema. "Hapa hata kipofu anatua."

Mwanamke aliyekuwa akifanya naye kazi akaisogelea. "Kaka, hii imepigwa jua likiwa utosini. Jua la utosini halionyeshi shimo."

"Dada yangu, wewe hata ukipewa asali utatafuta mwiba wa nyuki."

"Sivyo. Tusubiri chombo kipite tena jua likiwa limeinama, tuone vivuli."

"Vivuli vya nini? Si unaona hakuna?"

Mnamwona? Habari ya jua na vivuli aliijua vizuri, ndiyo aliyosomea. Lakini picha ilikuwa imeshampendeza, na ukipenda, chongo utaita kengeza.

Siku ikafika. Mashine ikashuka, ikawa inatuma salamu mpaka ilipogusa chini, kisha kimya. Bwana yule akakaa mbele ya kompyuta bila kula, anaita, anaita. Hakuna jibu. Aliumia sana, na ilikuwa haki yake kuumia.

Baadaye chombo kikapita juu ya mahali pale, jua likiwa limeinama, kikatuma picha. Mwanamke akaiweka mezani. Mashimo kila mahali, mawe, vivuli virefu vyeusi. Bwana akaitazama, akaitoa ile ya kwanza aliyoitupa, akazilinganisha. Palikuwa pale pale alipopatupa kando siku ya kwanza! Alipakataa palipoonyesha makovu yake, akapakubali palipoyaficha. Tofauti ilikuwa moja tu: safari hii ndani ya shimo ilionekana mashine yao, imelala ubavu.

"Picha ilinidanganya," akasema.

"Picha haikusema hakuna mashimo, kaka. Uliyesema ni wewe."

Haya, bwana yule tumwache na msiba wake. Tuje kwetu sisi. Nani humu kanisani hajui kusimama jua likiwa utosini? Tunakutana pale mlangoni. "Hujambo?" "Sijambo." Mmewahi kulisikiliza neno hilo? Sina jambo! Mume analala sebuleni wiki nzima, lakini hana jambo. Mama ametoka hospitali, majibu yamo kwenye mkoba, hana jambo. Na sisi tuliouliza tunashukuru kimoyomoyo, tunawahi viti.

Na yule mmoja anayethubutu kusema "nina jambo", tunamfanyaje? Tunasema huyo ana matatizo yake, tunamkwepa. Binti zetu tunawaozesha kwa asiye na jambo. Mzee wa kanisa tunamchagua asiye na jambo. Halafu nyumba zikianguka tunaulizana, jamani, imekuwaje, mbona walikuwa wazima?

Sina mengi leo. Mgeukie huyo uliyekaa naye benchi moja, sasa hivi, umwulize: hujambo? Akishakujibu sijambo, usigeuke. Mwulize mara ya pili.